Chaza amekufa na vipimo vyote vilikuwa sawa

Swali

Assalam alaikum mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Maskati. Nina tangi la maji ya bahari la lita 250, limetimiza miezi mitano, lina samaki wadogo wanne na matumbawe laini. Nilinunua chaza wa aina ya maxima, wa buluu, urefu wake sentimita 4. Dukani waliniambia hana kazi: hali chochote, anaishi kwa taa, tena anasafisha maji. Nikamweka juu ya mchanga. Wiki ya pili nikamwona amejikunyata, nikampandisha juu ya jiwe la juu kabisa, halafu nikamhamisha tena mara mbili. Akaanza kuwa mweupe katikati, akabaki kinywa wazi, na wiki ya saba akafa. Vipimo vyangu ni hivi: chumvi 35, kalsiamu 420, alkali 7.9, naitreti 0, fosfeti 0, joto 26, ila tukisafiri mwisho wa wiki na kuzima AC hufika 30. Nilikosea wapi? Ninunue mwingine? Na nikija nyumbani likizo, naweza kujichukulia mmoja mwambani? Kule nawaona wengi.

Jibu

Waalaikum salaam ndugu yangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwenye vipimo jicho langu linakwama mahali pamoja: naitreti 0, fosfeti 0. Umeziandika kama mtu anayeonyesha cheti cha usafi. Mimi nikiziona naona shamba lisilo na mbolea. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Hayo mengine yalikuja kummalizia.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana uliuziwa bila kuelezwa ni nani. Lile joho la buluu linalomwagika nje ya gamba lina kazi nzito. Ndani yake kuna mirija myembamba mno inayochipuka kutoka tumboni na kutawanyika kama matawi, na ndani ya mirija hiyo vinaishi vijimwani vya rangi ya kahawia, mamilioni kwa mamilioni, vya jamii ileile inayoishi ndani ya matumbawe. Vijimwani vinatengeneza sukari kwa mwanga, na sehemu kubwa ya sukari hiyo anaila chaza. Ni mkulima aliyebeba shamba lake mwilini. Ile buluu inayometa juu haitokani na mwani. Inatokana na chembe maalumu za ngozi. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba chembe hizo huusambaza mwanga mwekundu na wa buluu kwenda chini, kwenye nguzo za vijimwani zilizopangana ndani ya nyama, hata jua kali la mwambani lisiviunguze vya juu na kuvinyima vya chini. Kila nikimtazama chaza wa buluu mchana nakumbuka hilo, na bado napigwa na butwaa.

Sasa, shamba linataka mwanga, lakini linataka na mbolea. Vijimwani vinahitaji naitrojeni na fosforasi kama mahindi yanavyohitaji. Chaza huzipata kwa njia mbili: anazifyonza moja kwa moja kutoka majini, na anachuja chembechembe zinazoelea, anazila, kisha mabaki ya mwili wake yanakuwa mbolea ya shamba. Utaniambia maji ya mwambani nayo ni masafi, naitreti yake karibu na sifuri. Kweli. Lakini mwambani maji hayasimami. Yanapita usiku na mchana, yana uhai mdogomdogo ndani yake, na samaki mamia kwa mamia wanaogelea juu ya chaza wakimwachia uchafu wao. Kidogo kisichokatika ni kingi. Tangini kwako palikuwa na samaki wadogo wanne, naamini pia kichuja povu, kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, kinachofanya kazi saa 24, na bila shaka umeweka na kile kichujio cha kuondoa fosfeti, kwa sababu kila anayeanza huuziwa. Sifuri ya namna hiyo ni njaa.

Na njaa inamuuma zaidi mdogo. Aliyekuambia chaza hali chochote alikosea kabisa. Watafiti walipopima chaza mkubwa kuliko wote, yule gigas, waligundua kwamba akiwa mdogo sana karibu theluthi mbili ya kaboni anayoitumia hutoka katika chakula anachokichuja majini. Akishakua, sehemu hiyo hushuka hadi theluthi moja, nayo mengine hutoka kwa vijimwani. Wako alikuwa na sentimita 4, mtoto. Shamba lake lilikuwa bado dogo, na majini hamkuwa na cha kuchuja wala cha kufyonza.

Kuhusu hilo la kusafisha maji, kuna punje ya ukweli ndani yake. Chaza anafyonza amonia, naitreti na fosfeti, na tangi lenye chaza wakubwa kadhaa linaweza kuishiwa kabisa. Wenye matangi ya namna hiyo hulazimika kuongeza naitreti kwa chupa. Lakini kumnunua mnyama ili awe kichujio chako ni kumgeuza mgeni kuwa kijakazi. Anayefyonza ni yule aliye mzima. Aliyedhoofika hafyonzi kitu, na akifa anarudisha vyote kwa siku moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kufikiria mwingine, ni kulisha samaki vizuri. Wape mara mbili au tatu kwa siku kidogo kidogo badala ya mara moja. Ondoa kichujio cha fosfeti. Kichuja povu kipumzishe usiku ikibidi. Unatafuta naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Mwani utaota kidogo kwenye kioo. Usiogope, ufute kwa sumaku. Tangi ambalo kioo hakiingii mwani hata kidogo si tangi la kumpokea chaza.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa naona kilichotokea kana kwamba nilikuwepo. Maxima ni chaza wa maji ya kina kifupi. Aliyezaliwa pwani yetu anajua: maji yakipwa siku za bamvua, ukivuka mwamba kwa miwani ya kuogelea unawakuta wamejichimbia kwenye jiwe, gamba halionekani, imebaki midomo ya rangi imefunguka kuelekea jua la saa sita. Juu ya maji saa hiyo mwanga hufika kama 2,000 kwa kipimo cha PAR, yaani kipimo cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Wewe ulimweka chini kabisa, mchangani, na chini ya taa nyingi za nyumbani pale pana 80 au 100. Maxima anataka 250 kwenda juu, na 300 hadi 400 ndipo anapotulia. Kwa wiki mbili alikuwa anaishi kwa akiba. Ndiyo maana ukamwona amejikunyata.

Ukafanya jambo sahihi kwa haraka isiyofaa. Ulimpandisha hadi jiwe la juu kabisa kwa siku moja. Vijimwani vilivyokuwa vimeshazoea giza, na vyenye njaa, vikapigwa na mwanga mara nne au tano zaidi. Halafu ikaja wikendi moja AC imezimwa na maji yakapanda hadi 30. Mwani ukizidiwa na mwanga na joto kwa pamoja hugeuka sumu kwa aliyeubeba, naye huutema. Weupe ule wa katikati ndio huo: joho liko, shamba limehama. Ni ugonjwa uleule ulioyafanya meupe matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998. Chaza mkubwa mwenye akiba anaweza kupona, ukimrudisha kwenye kivuli na kumwachia maji ya 25 kwa miezi. Mtoto wa sentimita 4 hawezi.

Kwa hiyo huyo ajaye, popote utakapomweka, usimpandishe hatua kwa hatua kwa kumhamisha. Mweke mahali pake pa kudumu siku ya kwanza, halafu ushushe taa. Anza na nusu ya nguvu utakayoitaka mwisho wake, uongeze kidogo kila baada ya siku tatu nne, ufike kileleni baada ya wiki tatu. Kipima cha PAR ni ghali kukinunua kwa matumizi ya mara moja. Watafute wafugaji wenzako hapo Maskati, mmoja wao atakuwa nacho na atakuazima. Pima pale hasa atakapokaa chaza. Namba ya juu ya maji haikusaidii.

Nimesema usimhamishe, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo lililoniulia chaza wangu wa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpindue chaza wa maxima utazame upande wa bawaba. Utaona tundu, na ndani ya tundu nyama nyeupe laini inayotoa fungu la nyuzi. Kwa nyuzi hizo hujifunga kwenye jiwe kama ngalawa iliyotia nanga. Nyuzi zenyewe ni ngumu, lakini ile nyama inayozitoa ni laini kama ufizi. Mwaka nilioanza kufuga nilimwona wangu amejifunga kwenye kioo, mahali nisipopataka. Nikamshika kwa vidole viwili nikamvuta. Alibanduka kwa urahisi, nikafurahi. Nilipompindua nikaona nyuzi zimebaki kwenye kioo na kipande cha nyama kimebaki nazo, chekundu kidogo, ukubwa wa punje ya dengu. Siku ya nne alikuwa amefunguka wazi na kamba wa kusafisha alikuwa anamla kuanzia chini. Sijamvuta chaza tena tangu siku hiyo.

Ikibidi kumtoa, ingiza wembe mwembamba kati yake na jiwe, ukate nyuzi taratibu karibu na jiwe, mbali na mwili. Atatengeneza nyingine. Lakini njia bora ni kujizuia mapema: tafuta kijiwe bapa ukubwa wa kiganja, mweke chaza juu yake tangu siku ya kwanza, ajifunge hapo. Baada ya siku mbili tatu amekwisha shika. Kuanzia hapo ukitaka kumsogeza unasogeza jiwe na yeye yumo. Kwa chaza wa mchangani kifukie kijiwe hicho kidogo chini ya mchanga. Kinamzuia kuinama, na kinawazuia wadudu wa mchangani kumfikia pale kwenye tundu. Wewe ulimhamisha mara tatu katika wiki saba. Kila mara alitumia nguvu ambazo hakuwa nazo kusuka nanga upya.

Alkali, yaani akiba ya kaboneti iliyomo majini, nimeiacha hadi sasa kwa makusudi. Sidhani ndiyo iliyomuua huyu. Chaza wa sentimita 4 pamoja na matumbawe laini hawali kingi. Lakini ndiyo itakayomuua wa pili pale atakapoanza kukua, na utakuwa unaandika tena kwamba vipimo vyote vilikuwa sawa.

Uliniandikia 7.9, yaani digrii 7.9. Ni namba nzuri. Lakini ukiitazama bahari mara moja huwezi kujua kama maji yanakupwa au yanajaa. Lazima utazame tena. Chaza anajenga gamba kwa kalsiamu na kaboneti, anajenga zaidi taa zikiwaka, na kadiri anavyokua ndivyo anavyochota zaidi kila siku. Watu hupima kalsiamu, wakaona 420, wakalala usingizi. Hesabu inawadanganya: gamba likijengwa, alkali ikishuka digrii 2.8 nzima, kutoka 8 hadi karibu 5, kalsiamu hushuka miligramu 20 tu kwa lita, yaani kutoka 420 hadi 400. Vifaa vingi vya nyumbani haviwezi kuiona tofauti hiyo. Tangi linakuwa limefilisika na kalsiamu bado inasoma vizuri. Kwa hiyo pima alkali, upime kila siku, saa ileile, kwa kifaa kilekile. Pale ilipo leo si muhimu sana, iwe 7.5 au 9. Muhimu ni imeshuka kiasi gani tangu jana.

Tangi lako la lita 250, ukitoa mawe na mchanga, lina maji kama lita 200. Gramu 6 za soda bikaboneti safi, zikayeyushwa katika maji ya RO (yaliyosafishwa kwa kichujio cha utando) na kumiminwa polepole penye mkondo, zinapandisha alkali kwa digrii moja. Ukiona kwa siku inashuka nusu digrii, basi gramu 3 kila siku. Usipandishe zaidi ya digrii moja kwa siku. Chaza humudu alkali ya chini kidogo kuliko alkali inayorukaruka. Ukitumia soda kwa muda mrefu, kalsiamu nayo itapungua polepole, nayo itabidi uirudishe.

Ndiyo maana mimi kwa matangi madogo napenda maji ya chokaa, yanarudisha vyote viwili kwa pamoja. Utacheka, lakini ni chokaa ileile ya tambuu waliyoila bibi zetu, kalsiamu haidroksaidi, ila usichukue ya tambuu wala ya kupakia nyumba, kwa sababu imechomwa kutokana na mawe ya pwani na hujui ina nini kingine ndani. Nunua iliyo safi ya akwariamu au ya chakula. Koroga kijiko katika maji ya RO, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu kuziba pengo la yale yanayokauka. Yana pH ya 12 na zaidi, kwa hiyo yaingie tone kwa tone, usiku, kamwe si kwa kikombe. Maskati na AC zenu tangi linakauka sana, utakuwa na nafasi ya kutosha ya kuyaingiza.

Utajuaje kama yote haya yanafanya kazi? Mwulize chaza. Tazama ukingo wa gamba, pale linapokutana na joho. Chaza anayekua ana ukanda mweupe safi kama kaure mpya, bila mwani, bila doa, upana wa milimita moja au mbili au zaidi. Huo ni ujenzi wa wiki chache zilizopita. Ukanda ukipotea, mwani ukafika hadi ukingoni, ujenzi umesimama, na una wiki kadhaa za kutafuta sababu kabla joho halijaanza kukunja. Ishara hii hutangulia nyingine zote. Nawaambia wanaoanza wapige picha ya ukingo kila Ijumaa, wailinganishe na ya Ijumaa iliyopita.

Ishara ya pili ni kivuli. Pembeni mwa joho kuna macho madogo sana, mia kadhaa, vitundu vinavyohisi mwanga ukipungua. Pitisha mkono juu ya tangi. Mzima atajivuta mara moja, kisha atafunguka tena baada ya sekunde chache. Anayechelewa kujivuta, au asiyejivuta kabisa, amechoka. Kipimo hiki kifanye dukani kabla hujatoa hata baisa moja.

Na dukani tazama haya mengine. Joho limwagike juu ya ukingo wa gamba pande zote. Mdomo wa kuingizia maji, ule mpasuko mrefu, uwe umefunguka kiasi. Ukiwa umetanuka hadi unaona ndani ya tumbo, ndiko kubaki kinywa wazi ulikokuona kwako, na huwa ni mwanzo wa mwisho. Mwombe muuzaji ampindue, uone nyama ya nyuzi haijachanika. Uliza amekaa dukani muda gani. Mimi simchukui aliyefika chini ya wiki mbili. Waliokuwa wagonjwa safarini, wengi wao hufa ndani ya siku hizo.

Nikushauri aina. Kwa tangi lako usirudie maxima mdogo, na crocea mwache kabisa, anataka mwanga mkali kuliko wote na pwani yetu hayupo hata ukamzoea kwa macho. Chukua derasa wa sentimita 7 au 8 aliyezalishwa shambani. Rangi yake haina mbwembwe za maxima, ni kahawia na dhahabu yenye mistari ya buluu, lakini ni mvumilivu, anatosheka na PAR ya 150 hadi 250, na anakaa mchangani bila kinyongo. Derasa wanazalishwa tangu siku nyingi. Kituo cha ufugaji cha Palau kilianzishwa miaka ya 1970, na visiwa vingine vya Pasifiki vikafuata. Hasara yake ni kwamba anakua. Baharini hufika nusu mita na kuzidi. Katika lita 250 utakuwa naye miaka michache, halafu utamtafutia nyumba kubwa zaidi, na hilo lazima ukubali siku unayomnunua. Ukiona hutaki, basi squamosa, yule mwenye magamba ya vigae, anakua pia lakini si kwa kasi hiyo.

Wadudu nipite haraka. Kuna vikonokono vyeupe, ukubwa wa punje ya mchele, hujificha chini ya gamba mchana na usiku hupanda ukingoni kunyonya. Chukua tochi saa tano za usiku wiki za mwanzo. Ukiviona, mtoe chaza na kijiwe chake, umsugue gamba kwa mswaki laini, utafute na mayai yake, vile vitone vya utelezi penye mikunjo, na urudie baada ya wiki. Samaki: wale malaika wadogo wa jamii ya Centropyge, vipepeo na bunju, usiwaweke pamoja naye. Sijali muuzaji ameapa vipi. Mmoja akionja joho mara moja hataacha, na chaza aliyefumba gamba mchana kutwa kwa kuogopa meno anakufa njaa chini ya taa nzuri.

Joto umelijua mwenyewe. Huko Maskati, kiangazi, tangi lisilo na kipoza maji lisiwe na chaza. Feni juu ya maji hushusha digrii mbili tatu, na kama huwezi zaidi, basi AC ya chumba hicho isizimwe mkisafiri. 25 hadi 27 muda wote.

Limebaki swali la mwambani, na najua uliuliza kwa nia njema. Hapana, ndugu yangu. Chaza hawa wote wa jamii ya Tridacna wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, aina zote tangu 1985, wakiwa hai au likiwa gamba tupu. Kumtoa Kenya kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite ni marufuku kumchukua. Hilo la sheria. Lakini nikueleze na la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Chaza hatembei. Anazaa kwa kumwaga mbegu majini, kwanza ya kiume, baadaye mayai, na inategemea jirani aliye karibu amwage wakati huohuo. Ukiona kumi katika mwamba mmoja unaona wengi, lakini ukitoa wawili walio katikati, wanane waliobaki wanaweza kuwa mbali mno kukutana, wakakaa hapo miaka na miaka wakimwaga bure. Na yule uliyemchukua amejichimbia kwenye jiwe. Kumtoa ni kuvunja jiwe au kumchana nanga yake, na ulishasoma hapo juu mchano huo unaishia wapi.

Ukija likizo nenda Kisite siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, upande mashua ya Wasini, ushuke na miwani. Jitandaze juu ya maji bila kupiga mateke, kivuli chako kipite taratibu juu ya mmoja wao, uone anavyojivuta na anavyofunguka. Tazama amekaa wapi, jua linampigaje, mkondo unapita upande gani, ukingo wake ni mweupe kiasi gani. Ukirudi Maskati utalipanga tangi lako kwa jicho jingine.

Kwa sasa usinunue. Lishe samaki, subiri naitreti isome 2 na isirudi sifuri kwa mwezi mzima, na tangi lifike miezi kumi au mwaka. Wakati huo pima alkali kila siku kwa wiki mbili, kabla taa hazijawaka, bila kuongeza chochote. Niandikie namba hizo kumi na nne pamoja na joto la asubuhi na la jioni, nami nitakuambia kama tangi liko tayari na utaanza na gramu ngapi.